Katika Bustani Yangu: Mgeni wa Pembe Tatu

Juma lililopita naliandika juu ya samadi, na jinsi ipasavyo kufunikwa isipotee kwa mvua na jua. Juma hili sitashika jembe. Nataka tukae pamoja mbele ya mlango, tuwatazame wageni watujiao bustanini bila ya kualikwa. Kisha nitawasimulia jambo lililotokea kwangu, ambalo limenifundisha zaidi ya vitabu vingi nilivyosoma.

Wengi wenu mwaijua kazi ya karani. Kutwa nzima ni majalada, mihuri, na watu wanaosimama mbele ya dirisha, kila mmoja akiona shida yake ndiyo ya kwanza. Jioni nirudipo kwetu, katika vilima vya Kiambu, nakuta kiwanja kisicho kikubwa: robo ya eka tu, pamoja na nyumba, jiko, na zizi la ng'ombe mmoja. Lakini robo hiyo ndiyo inayoniponya. Huvua viatu vya kazini, huchukua kikombe changu cha chai, na kwenda kuikagua bustani kabla jua halijatua. Mke wangu husema kwamba nawakagua sukuma wiki kama mkuu wa polisi anavyokagua askari wake.

Mbele ya mlango nalipanda shubiri, si kwa ajili ya dawa tu, bali kwa ajili ya maua yake mekundu. Hapo ndipo huja chozi, ndege mdogo mwenye mdomo mwembamba uliopinda kama sindano ya kushonea magunia. Dume la aina iliyo kwetu lina mkia mrefu, na jua likimpiga hung'aa kama shaba iliyosuguliwa. Huingiza mdomo wake katika ua, akanywa, akahamia jingine, wala haharibu kitu. Huyo ndiye mgeni mwenye adabu.

Wako wasio na adabu pia. Alfajiri huja kwarara, ndege mkubwa wa rangi ya majivu mwenye mdomo mrefu, naye hupiga makelele hata jogoo wetu akaona haya. Nalimchukia siku nyingi, mpaka nilipomwona akitembea polepole kati ya mboga, akidunga udongo kwa mdomo wake na kutoa viwavi vile vikatavyo mizizi ya miche. Tangu siku hiyo nimemsamehe makelele yake. Shore naye huyajua mapera yaliyoiva kabla yangu. Na ndege wale wenye mikia mirefu kama ya panya, ambao wengine huwaita kuzumburu, huja kwa kundi na kuyala majani machanga ya mbaazi. Hao siwezi kuwatetea hata mbele ya mke wangu.

Lakini mgeni niliyekusudia kumwandika leo haruki wala halii. Huyo ni kinyonga.

Ua wa kiwanja changu ni wa kaiyaba, yaani mti ule wenye miiba mirefu ambao wazee wetu waliupanda ili ng'ombe wasipite. Jumamosi moja ya mwezi wa Aprili, mvua za masika zikiwa zimeanza vizuri, nalikuwa nikipalilia viazi niliposikia kelele za watoto karibu na ua. Nalikwenda nikawakuta wavulana wanne, na mwanangu wa kwanza, mwenye umri wa miaka tisa, akiwa mbele yao. Kila mmoja alikuwa na mawe mkononi. Juu ya tawi alikuwako kinyonga mkubwa, rangi yake imekuwa nyeusi kwa hofu, kinywa wazi, na tumbo limevimba pande zote mbili. Jiwe moja lilikuwa limekwisha kumpata ubavuni.

Naliwaambia, "Tupeni mawe hayo chini." Wakatupa, ila mwanangu akasema, "Baba, ni Nyanya aliyetuambia."

Nikageuka. Mama yangu alikuwa ameketi kwenye kigoda chake mbele ya jiko, akichambua maharagwe. Hakuinua uso.

Ndugu wasomaji, hapo ndipo mtu aonapo kwamba elimu si kitu chepesi. Ni rahisi kumkanya mtoto. Lakini ni nani miongoni mwetu atakayemkanya mama yake mbele ya watoto? Nalimwendea, nikachuchumaa kando yake, nikasema kwa upole, "Mama, mnyama huyu hana sumu. Hawezi kumdhuru mtu."

Akaendelea kuchambua. Kisha akasema, "Mwanangu, sikusema ana sumu. Wajua alichokileta."

Naam, nalijua. Hadithi ile ni ya zamani sana, nayo haiko kwetu tu; hata Wazulu wa Afrika Kusini wanayo yao. Husemwa kwamba hapo mwanzo Mungu alimtuma kinyonga aende akawaambie watu kwamba hawatakufa milele. Kinyonga akaenda kwa mwendo wake, hatua moja mbele na nyingine nyuma. Alipofika akaanza kugugumia, "Nalitumwa… nalitumwa…" Kabla hajamaliza, mjumbe mwingine akamtangulia na kusema kwamba watu watakufa na kwisha. Kwa Wazulu mjumbe huyo alikuwa mjusi. Kwetu mama husimulia kwamba alikuwa ndege. Neno lililosemwa kwanza ndilo lililosimama. Kwa hiyo kinyonga amechukiwa mpaka leo kwa sababu ya uvivu wake.

Lakini kwa mama yangu haikuwa hadithi tu. Nalikuwa na dada mdogo. Alipokuwa na umri wa miaka minne alipatwa na surua, akafariki siku ya sita. Juma moja kabla ya hapo, kinyonga alionekana juu ya kizingiti cha mlango wetu. Nalikuwa mtoto, lakini nakumbuka mama akisimama pale mlangoni na kumtazama.

Nikasema, "Mama, yule aliugua surua."

Ndipo akainua uso akanitazama. "Umesoma, mwanangu," akasema. "Lakini mimi ndimi niliyemzika."

Sikuwa na jibu. Ningaliweza kumweleza habari za surua, jinsi inavyopita kutoka kwa mtoto hadi kwa mtoto kwa kikohozi na chafya, na jinsi chanjo inavyoikinga. Yote hayo ni kweli. Lakini kweli isemwayo wakati usiofaa ni jiwe kama mawe mengine, nami nalikuwa nimetoka kuwakataza watoto kutupa mawe.

Tena nalikuwa na haya yangu mwenyewe. Nilipokuwa mwanafunzi wa shule ya misheni, sisi wavulana tulikuwa na mchezo wa kumtilia kinyonga tumbaku kinywani. Tulimshika, tukampanua kinywa kwa kijiti, tukamtia ugoro tuliomwibia mzee mmoja. Kinyonga hutetemeka, hugeuka rangi, kisha hufa. Tulicheka sana. Hakuna bibi aliyetutuma kufanya hivyo. Basi nani kati yetu wawili, mama au mimi, alikuwa na udhuru zaidi?

Tulipatana hivi: kinyonga asikae karibu na mlango. Nalichukua kijiti, nikakiweka mbele yake. Alikishika kwa miguu yake, kwanza mmoja, halafu wa pili, kwa vidole vyake vilivyogawanyika kama koleo. Nikampeleka mwisho wa kiwanja, penye ua wa chini, hatua arobaini kutoka nyumbani, nikamwacha apande mwenyewe. Mama hakusema neno. Kwa siku tatu aliipokea chai kutoka kwa mke wangu, si kutoka kwangu.

Sasa niwaeleze kidogo habari za mnyama huyu, maana usilolijua ni kama usiku wa giza. Katika Kenya tuna vinyonga wa aina nyingi, na huyu wa nyanda za juu aonekanaye Nairobi, Kiambu, na kandokando ya Mlima Kenya hujulikana kwa pembe za dume: tatu, mbili juu ya macho na moja puani. Madume wakikutana kwenye tawi moja husukumana kwa pembe hizo kama mafahali, mpaka mmoja aanguke au akimbie. Jike huwa na pembe ndogo, au hana kabisa. Wataalamu walimpa jina la kisayansi mwaka wa 1896, kwa kumheshimu Frederick Jackson, ambaye alikuwa mpenzi mkubwa wa ndege, na baadaye akawa Gavana wa Uganda.

Macho yake hutazama kila moja upande wake; moja laweza kutazama nzi na jingine likamtazama mtu mwenye mawe. Ulimi wake ni mrefu kupita mwili wake, nao hutoka kwa kasi kuliko jicho letu linavyoweza kufuata. Ama rangi yake, wengi hudhani kwamba hujigeuza ili afanane na kila kitu alichokalia. Sivyo hasa. Asubuhi ya baridi huwa mweusi ili apate joto la jua upesi. Akikasirika au akiogopa hubadilika pia. Na usiku alalapo rangi yake hufifia, hata ukimulika tochi uani humwona waziwazi kati ya majani. Hana sumu yo yote, na kuuma kwake si kitu cha kuogopwa. Chakula chake ni nzi, panzi, viwavi na buibui.

Nirudi kwenye habari yangu. Sikutaka kumpiga mwanangu, maana alikuwa ametii neno la nyanya yake, na kutii si kosa. Badala yake nalimpa daftari na kalamu ya risasi, nikamwambia, "Wewe uliyemtupia jiwe, wewe ndiwe mlinzi wake. Kila jioni utokapo shule utakaa karibu naye nusu saa, uandike alichokula."

Mwanzoni aliandika kwa uvivu. Ukurasa wa kwanza wasema: "Saa kumi na moja. Hajala. Ananitazama kwa jicho moja." Siku ya pili: "Nzi wawili." Siku ya tano: "Panzi mkubwa. Miguu ilibaki nje ya kinywa. Alifunga macho akameza." Baada ya juma moja ilikuwa taabu kumwita aje kula.

Sasa, mwanangu huyu ana jina la babu yake marehemu, kama ilivyo desturi yetu, na kwa sababu hiyo mama yangu humwita "mzee wangu". Mama hajui kusoma, naye hupenda sana kusomewa na mzee wake baada ya chakula cha usiku. Kwa kawaida husomewa kitabu cha shule. Lakini majuma yale mtoto hakutaka kusoma kingine ila daftari la kinyonga. Nami nalikaa pembeni na gazeti langu, nikijifanya sisikii.

Usiku wa kwanza mama alisema, "Soma kitu kingine." Usiku wa tatu hakusema neno. Usiku wa sita, kabla mtoto hajafungua daftari, nalimsikia akiuliza, "Na leo amekula nini?"

Majuma matatu baada ya siku ile ya mawe, siku ya Jumapili asubuhi, mtoto alikuja mbio, pumzi juu, akipiga kelele kwamba kinyonga anadondosha kitu. Sote tulikwenda. Kwenye tawi la kaiyaba yule jike alikuwa akitembea polepole, na kila baada ya hatua chache alitoa kitu kama tone la ute lililofungwa katika ngozi nyembamba. Kila tone lilianguka juu ya jani, likatulia kidogo, kisha likapasuka; na ndani yake akatoka kinyonga mdogo, mfupi kuliko kidole changu cha mwisho, akashika jani kwa miguu yake minne, akaanza kutembea. Vinyonga walio wengi hutaga mayai na kuyafukia ardhini, lakini huyu wetu wa nyanda za juu huchukua mimba miezi mitano au sita, au zaidi, na kuzaa watoto walio hai. Mwanangu aliwahesabu, akafika kumi na saba.

Nalisikia fimbo ikigonga ardhi nyuma yangu. Mama alikuwa amekuja mwenyewe, hatua zote arobaini. Alisimama akatazama muda mrefu, shuka lake limefunika kinywa. Kisha akasema, "Kumbe hatagi. Anazaa." Baada ya kitambo akawaambia wale wavulana, ambao nao walikuwa wamekuja, "Mzazi hapigwi mawe. Nimesema." Akarudi zake jikoni.

Ningependa kuishia hapo, lakini bustani haiko hivyo. Kinyonga hawalei watoto wake. Akiisha kuzaa huenda zake, na kila mtoto hujitafutia. Siku ya pili alikuja ndege yule mweusi na mweupe mwenye mkia mrefu, akaaye juu ya waya wa simu, ambaye huchoma mawindo yake kwenye miiba kama mwuza nyama anavyotundika nyama. Jioni mwanangu aliwakuta watoto watatu wa kinyonga wamechomwa kwenye miiba ya kaiyaba. Alilia machozi ya kweli, akaenda kumweleza nyanya yake kwa kuwa mimi sikuwa nimerudi kutoka kazini.

Mke wangu ndiye aliyenisimulia jibu la mama. Alimfuta mtoto machozi kwa ncha ya shuka lake, akakaa kimya, kisha akasema, "Basi si yeye aletaye kifo, mzee wangu. Kama angekuwa mjumbe wake, kifo kisingalichukua wanawe."

Nalipoambiwa maneno hayo nalikwenda nikasimama penye ua wa chini mpaka giza likaingia. Nalikuwa nimetafuta hoja kwa majuma manne, nisiipate. Mama aliipata mwenyewe, kwa macho yake, wala si kwa sababu nalimshinda. Hata leo hataki kinyonga avuke kizingiti cha nyumba yake, nami siwezi kumlazimisha. Mlango ni wake na huzuni ni yake. Lakini asubuhi iliyofuata aliniita, akanimiminia chai kwa mkono wake mwenyewe.

Sasa nijibu swali la wasomaji walioniandikia barua wakitaka kujua jinsi ya kuwavuta wageni wa namna hii bustanini. Si kazi ya gharama. Kwanza, ukikata ua wako, usiukate wote kwa siku moja. Acha sehemu moja ikiwa na majani mengi, ukaikate mwezi ujao, na uangalie matawi kabla ya kupitisha panga. Pili, dawa ya wadudu itumie pale tu palipo na haja, juu ya mmea ulioshambuliwa, kwa kipimo kilichoandikwa, wala usiinyunyize uani. Panzi aliyelishwa sumu ni sumu kwa amlaye. Tatu, wakati wa kiangazi weka maji katika sahani isiyo na kina, utie na mawe machache ndani, ili nyuki na vipepeo wanywe bila ya kuzama. Nne, panda shubiri au maua mengine yenye utamu kwa ajili ya chozi. Hayo yatosha.

Tena nawaonya juu ya jambo moja. Akija mtu akawaambia watoto wenu kwamba atawapa fedha kwa kila kinyonga wa pembe tatu, mfukuzeni. Sheria ya wanyama wa porini ya mwaka wa 2013 yakataza biashara ya namna hiyo bila ya kibali, na vinyonga hawa wamo pia katika mkataba wa mataifa juu ya biashara ya wanyama na mimea ya porini, uliotiwa sahihi Washington mwaka wa 1973. Tena kuna kisa cha kufikiriwa. Mwaka wa 1972 vinyonga wa aina hii walipelekwa kutoka Kenya hadi visiwa vya Hawaii kwa mtu auzaye wanyama. Walipofika wamedhoofika kwa safari, aliwaacha katika bustani yake wapate nguvu. Walipata nguvu, wakaondoka mmoja mmoja. Sasa wamezaana huko, na wataalamu wamekuta katika matumbo yao konokono na wadudu wa visiwa vile ambao hawapatikani mahali pengine duniani. Kiumbe yule yule aliye rafiki katika ua wangu, huko amekuwa mharibifu. Kosa si lake. Kosa ni la aliyemtoa kwao.

Wazee walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Nalidhani methali hiyo ni ya watu tu. Jioni hizi, nikiisha kukagua sukuma wiki, huteremka hatua arobaini na kutazama uani. Wadogo waliosalia wamekua. Mmoja ameanza kuota vijipembe vitatu mithili ya punje za mtama. Mwanangu ameandika jambo hilo katika daftari lake la pili, na usiku atalisoma.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutarudi kwenye jembe, nami nitaeleza jinsi ya kuhifadhi mbegu za maharagwe zisiliwe na fukusi. Kwa herini.